Matundu ya Bi Fenwright

Keki mliyoninunulia siku ya kuagana ilikuwa tamu, na hotuba ya mkurugenzi ilikuwa fupi, kwa hiyo sina malalamiko. Lakini kuna jambo ambalo hotuba ile ililiruka, na nadhani ililiruka kwa kunistahi. Nimeamua kuliandika mwenyewe, kwa ajili yenu mliobaki kwenye zile meza mbili za dirishani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu kina adabu kupita kiasi. Nikikitumia siwezi kumtania mtu wala kujitania. Watatu kati yenu mnakijua Kiswahili. Wasomeeni wenzenu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kule Buyenzi, Bujumbura, sifa yangu haikuwa kushona nguo mpya bali kuziba zilizotoboka. Mtu akiunguza suruali ya harusi kwa sigara, aliambiwa, nenda kwa Rajabu. Nilichomoa nyuzi kwenye pindo la ndani, nikazifuma juu ya tundu, uzi mmoja baada ya mwingine, na mwenye suruali aliporudi alipatafuta palipoungua asipaone. Hapo ndipo nilipopata raha yangu, pale mtu alipoigeuza nguo kwenye mwanga, huku na huku, na kushindwa.

Vita vikatutoa. Nilifika Brussels na mke wangu Zainabu, binti yetu, na kopo la sindano. Kwa miaka kadhaa nilipiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda cha dobi nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, kazi ambayo sitaieleza kwa sababu shuka moja ni sawa na shuka jingine. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bibi mmoja wa ofisi ya ajira akaniuliza kama mikono yangu inatetemeka. Nikamwambia haitetemeki. Akanipa anwani ya nyumba ya makumbusho kule Laeken, hiyo hiyo mnayoingia kila asubuhi, yenye karakana juu na michoro ya mimea chini. Nilipewa ukurasa wa gazeti uliochanwa, nikaambiwa niuunge. Niliuunga. Waliuangalia kwenye mwanga, huku na huku, nikajua nimepata kazi.

Aliyenifundisha ni Maman Clémence. Nyinyi mnamjua kwa picha ile ya ukutani, ambayo haimtendei haki kwa sababu amenyamaza. Alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, mpana, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku ya kwanza alinipa sheria zote kabla sijavua koti.

"Bon, Papa Rajabu. Hapa bic hapana, crayon tu. Ukikohoa, geuka kule. Gundi unaipika weye mwenyewe kila lundi, na unga ya ngano, na ikibakia vendredi unaitupa. Na kintu yote unaweka kwa karatasi, lazima maji iweze kuitosha. Ile maji haiwezi kutosha, hauiweke." Kwake bic ni kalamu ya wino, crayon ni penseli, lundi ni Jumatatu, vendredi ni Ijumaa, na kutosha ni kutoa.

Sheria iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ile ya kuchora magonjwa. Kabla ya kuigusa karatasi ya zamani, ilinibidi niweke juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, nichore kila mchaniko, kila doa, kila tundu mahali pake. Nilimwambia nguo ikipasuka siichori, naishona.

"Nguo iko na mwenyewe, atarudi akugombeze," akanijibu. "Ule mama wa hizi karatasi alikufa zamani. Hatarudi. Alors, chora."

Ule mama alikuwa Bi Adelaide Fenwright. Lazima niseme habari zake, maana nimeishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi na ndugu zangu. Alikuwa Mwingereza, binti wa mtengeneza pombe, jambo ambalo mwanzoni lilinipa taabu kidogo, mimi Mwislamu, lakini baba wa mtu si mtu. Alikuja Brussels enzi za Malkia Victoria kumsindikiza shangazi mgonjwa kwa miezi miwili. Shangazi akapona akarudi kwao. Bi Adelaide akabaki mpaka kufa. Hakuolewa, aliombwa mara mbili, na mara zote mbili, anasema katika barua, alikuwa na ua kwenye glasi ambalo lingenyauka kama angekaa kusikiliza mpaka mwisho.

Alichora mimea ambayo wengine waliipita. Wenye mali wa siku zile waliweka orkidi katika nyumba za vioo. Yeye alichora majani yaliyoota kando ya reli, kangaga wa ukutani, kabichi lililoachwa shambani likatoa maua. Kila kitu kwa ukubwa wake halisi, hata kama petali ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

Na alikuwa na Nyumba. Wasichana wa mji huu walisuka lesi katika vyumba vya chini ya ardhi, kwa sababu uzi mwembamba hukatika hewa ikikauka. Waliketi kwenye unyevu na giza tangu utotoni, na wengi walipofika miaka ishirini macho yao yalikuwa yamekwisha. Bi Fenwright alinunua nyumba, akaijaza madirisha, akaajiri tabibu wa macho, na akawafundisha wasichana wale kazi nyingine: kuoka, kufunga vitabu, kutunza bustani. Kamati ya waheshimiwa iliyomsaidia ilitaka wasichana wafundishwe kwanza sala na unyenyekevu. Aliwaandikia kwamba atalifikiria jambo hilo wakishamaliza kumlipia madirisha. Nyumba ile iliishi kwa michoro yake. Aliuza picha, akanunua dawa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Fundi mgeni hapewi karatasi nzuri. Mnalijua hilo, nanyi mmelilalamikia. Mimi nilipewa bahasha ya karatasi thelathini na moja zilizodhaniwa kuwa za mwanafunzi fulani, kwa sababu mistari yake ilikuwa mizito na yenye kusitasita, na rangi imetoka nje ya mpaka hapa na pale. Zilikuwa zimejaa matundu madogo, kama ya sindano. Niliyachora yote kwenye karatasi za magonjwa kama nilivyoamriwa, nikayaona yamekaa mawili mawili, nikamwambia Maman Clémence kwamba wadudu wa Ulaya wana adabu, wanatembea na wake zao. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Akasema nizibe.

Nikaziba. Nilisaga karatasi ya Kijapani ikawa uji, nikaipaka rangi ya chai mpaka ikalingana, nikaitia kwenye kila tundu kwa ncha ya brashi, nikalaza vinundu vilivyochomoza nyuma ya matundu kwa ubapa wa mfupa. Ilinichukua karibu mwaka. Nilipomaliza, Maman Clémence alizipeleka kwenye meza ya taa, akazigeuza moja moja. Halafu akasema, "Weye haiko fundi. Weye iko mwizi. Umeiba matundu yote." Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mrefu kuliko tramu. Nawaambia wazi, kwa miaka tisa hakuna kazi niliyojivunia kama ile.

Katika miaka hiyo nilipewa karatasi nzuri. Nilijifunza kuosha picha bila kuosha rangi, na kungoja, ambayo ni nusu ya ufundi huu. Maman Clémence alistaafu, akaniachia brashi zake na meza yake.

Kisha, mwanzoni mwa miaka kumi iliyofuata, likaja sanduku la barua kutoka Uingereza. Kitukuu wa dada yake Bi Fenwright alikuwa amehama nyumba, na badala ya kulichoma akalituma. Mkurugenzi wetu, Madame Hélène, alikaa na barua zile majira mazima ya kuchipua. Asubuhi moja alipanda kwenye karakana akiwa na uso wa mtu aliyepata na kupoteza kwa wakati mmoja.

Alisema Bi Fenwright alikuwa amepofuka. Si ghafla, ni kidogo kidogo, miaka yake sita ya mwisho. Alimficha kila mtu isipokuwa dada yake, kwa sababu nani angenunua maua ya kipofu, na watu wasiponunua, Nyumba ingefungwa. Akabuni njia. Alichukua bikari yake, ile ya ncha mbili kali, akapima kila petali kwenye ua lenyewe, halafu akaitoboa karatasi mahali ncha zilipoangukia. Karatasi ilibanwa kwenye fremu iliyo wazi nyuma. Mkono wa kushoto ulipapasa vinundu kwa chini, mkono wa kulia uliongoza penseli kwa juu kutoka tundu hadi tundu. Kwa hiyo vidole vilimwonyesha kile ambacho macho yalikataa.

"Nilidhani ni zile karatasi zetu thelathini na moja," Madame Hélène akasema kwa Kifaransa chake cha polepole anachotumia nami. "Nimezikagua zote jana kwa lenzi. Hakuna hata tundu moja. Basi si zake. Ni za mwanafunzi, kama tulivyosema siku zote."

Na akaongeza kwamba bodi imeamua. Maonyesho makubwa yalikuwa yanakuja, makabati yamejaa, na karatasi za mwanafunzi zingetolewa moja moja kama shukrani kwa wafadhili. Mmoja alikuwa ameshachagua yake, ya kuweka sebuleni.

Sikusema kitu. Nataka mlijue hilo kabla hamjanisifu. Nilisimama na brashi mkononi, nikasema oui, Madame, naye akashuka ngazi. Na sikusema siku ya pili, wala ya tatu. Niliogopa. Nilikuwa mtu wa kuja, nimepata kazi kwa mikono yangu, na sasa ningesema mikono hiyo ndiyo iliyomfuta Bi Fenwright. Zainabu aliniuliza kwa nini nautazama wali bila kuula. Nikamwambia kazi ni nyingi.

Jumamosi nilipanda metro mpaka Woluwe-Saint-Lambert, hospitalini, ambako Maman Clémence alikuwa amewekewa nyonga mpya. Alikuwa ameketi kitandani, akiwaelekeza wauguzi namna ya kukunja shuka. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo peke yake lilinitia hofu.

"Ile matundu, nani alikuambia uifunge?" akaniuliza.

"Ni wewe, Maman. Lakini mikono ni yangu."

"Bon. Donc kosa iko yetu mbili. Mi niko retraite, banaweza nifanya nini? Banakamata hii nyonga?" Akaigonga nyonga. Kisha akavua miwani, akanitazama kwa macho matupu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Papa Rajabu. Gundi ulitia ya nini?"

"Ya ngano."

"Maji inaweza kuitosha?"

"Inaweza."

"Na magonjwa ulichora?"

"Nilichora. Ziko chini, kwenye makabati ya chuma. Hakuna anayezifungua."

"Alors unalia nini? Ule mama alificha macho yake juu ya batoto ya benyewe. Weye unaficha nini? Unaficha sifa yako. Lundi unaenda kwa Madame, unasema. Na usianze na pardon. Anza na makaratasi."

Jumatatu nilifika mapema nikateremka kwenye makabati ya chuma. Zilikuwepo zote thelathini na moja, na mwandiko wangu wa zamani, wa mtu anayekandamiza penseli kwa woga. Niliitandaza ile michoro mezani kwa Madame Hélène, na juu ya kila mchoro nikalaza karatasi yake ya magonjwa. Matundu yakarudi, mawili mawili, kila moja mwishoni mwa petali, kwenye pembe ya jani, mahali kikonyo kinapoanza. Nilimwambia mimi ndiye niliyeyaziba. Nilimwambia nilisifiwa kwa kazi hiyo na niliipenda sifa. Nilimwambia nilijua tangu Jumanne iliyopita na nikanyamaza.

Aliuliza swali moja tu, kama yanaweza kufunguliwa. Nikasema ndiyo, ila vile vinundu vya nyuma nilivilaza, na vingine havitainuka. Akachukua simu akampigia mfadhili yule wa sebuleni. Sikuelewa maneno yote, ila mfadhili hakufurahi.

Kufungua kulichukua muda karibu sawa na kuziba. Mkono ulewule, brashi ileile. Tone la maji kwenye tundu, dakika ishirini za kungoja, kisha sindano kutoka nyuma, taratibu, mpaka ule uji wa karatasi utoke kama kimbegu. Nilitumia sindano zangu za Buyenzi. Za karakana zilikuwa nene. Nilikuwa nimeziba vizuri mno. Mara nyingi hata mimi sikuweza kuliona tundu bila karatasi ya magonjwa, na nilijilaani kwa ufundi ambao zamani niliusifu. Matundu kumi na moja yaligoma. Karatasi ilikuwa dhaifu hapo, na kuyafungua kungekuwa kuyatoboa upya, yaani uongo. Nimeyaacha. Mkiyafikia, nanyi yaacheni.

Siku moja, karatasi ya kumi na tisa, nilibana picha kwenye fremu iliyo wazi nyuma, nikafumba macho, nikapitisha kidole cha mkono wa kushoto chini. Ni ule mtambazi wa kando ya reli, wenye ua kama tarumbeta, ambao bustani zote za mji huu huung'oa. Nilipata kinundu, nikapata kingine, nikapata mzunguko wa mdomo wa ua, nikapata mahali unapojikunja. Nililijua ua lile kabla sijafumbua macho. Nililia, sioni haya kusema. Mwanamke yule aliketi hapa hapa mjini, haoni, akapima ua la magugu ili msichana asiyemjua apate dirisha, na mimi nikaja na uji wangu wa chai nikamnyamazisha.

Kisha akaja mtaalamu kutoka Uingereza, mrefu, asiyeongea. Alikuja na mche hai wa mtambazi uleule katika chungu, na bikari. Akapima ua, akazishusha ncha kwenye matundu ya karatasi ya kumi na tisa. Zilikaa. Akapima jani. Zilikaa. Alifanya hivyo kwa karatasi sita, kwa mimea aliyoweza kuipata, na chai yake ikapoa. Mwishoni alisema mtu anayenakili picha hahitaji kupima ua, na kwamba kwa maoni yake hizi ndizo kazi bora za Bi Fenwright. Bodi ilikutana tena. Karatasi zote thelathini na moja zikabaki, na katika maonyesho zilipewa chumba chao peke yao, kwa taa za ubavuni, ili kila tundu liweke kivuli. Maman Clémence alikuja na mkongojo wake. Alimkamata mgeni mmoja wa heshima kwa mkono wa koti akamweleza namna ya kupika gundi.

Kabla ya maonyesho, Madame Hélène alinionyesha kurasa za kitabu alichokiandikia maonyesho hayo kabla hazijaenda kuchapwa. Kwa wema wake, alikuwa ameandika kwamba matundu yaligunduliwa wakati wa kazi ya uhifadhi. Nikamwambia hapana. Akasema hakuna haja, miaka imepita, hakuna atakayeuliza. Nikamwambia siku moja mtu ataipima karatasi ile, ataukuta ujiuji wangu kwenye matundu yale kumi na moja, na atadhani Bi Fenwright mwenyewe aliziba, kwa aibu. Hakuwa na aibu. Aibu ilikuwa yangu, na nimeshaimaliza. Tulibishana karibu saa nzima. Nilimshinda, na ndiyo mara pekee niliyowahi kubishana kwa Kifaransa.

Kitabu kiko pale kwenu, rafu ya pili. Sentensi yenyewe iko ukurasa wa nyuma wa picha ya kumi na tisa, kwa herufi ndogo. Inasema matundu ya karatasi thelathini na moja yalizibwa kimakosa na Rajabu Hamisi, fundi wa karakana ya nyumba hii, ambaye baadaye aliungama na kuyafungua kwa mkono wake, yote isipokuwa kumi na moja.

Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na ana maoni kuhusu kila kitu, aliisoma akakasirika. Akasema, baba, miaka yote hiyo umeokoa karatasi za watu, na jina lako limechapwa mara moja tu, na limechapwa kwenye kosa.

Nilimrudishia kitabu. Nikamwambia asome sentensi mpaka mwisho.